Mkalimani Aliyetoka Dirishani

Cuthbert wa Masasi alikuwa na kazi ambayo watu wengi waliiona nyepesi: kusema maneno ya wenzake. Bwana Shauri wa Newala, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akinena Kiingereza, yeye huyateremsha kwa Kiswahili. Wazee wakijibu kwa Chimakonde, yeye huyapandisha tena mpaka Kiingereza, na hapo katikati haongezi chumvi wala hapunguzi pilipili. "Mkalimani ni mlango," alizoea kusema, "na mlango hauchangii hoja barazani." Watu walimheshimu kwa hilo, ingawa walimcheka kwa tai yake, ambayo aliivaa hata siku za jua la kupasua vichwa.

Alizaliwa misheni, mtoto wa mwalimu wa kanisa. Kimakua na Kiyao alivipata nyumbani na uwanjani. Kiingereza alikipata shuleni, pamoja na viboko vyake. Chimakonde ndicho alichokipata kwa njia tamu kuliko zote, maana alikifuata kwa mke. Cecilia alikuwa binti wa Chilangala, mwimbaji wa kanisa mwenye sauti ya kuwaamsha waliosinzia, na kwa desturi ya huko mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Basi Cuthbert akafunga virago, akapanda uwanda wa Makonde, akajenga Chilangala, na haukupita muda akapata ukarani wa Boma. Alipojaliwa binti wa kwanza, wakamwita Mabel, naye akawa Baba Mabel.

Kupata mke huko ni kupata na mama mkwe, na mama mkwe hatazamwi usoni. Hasemezwi. Huli naye sahani moja, na mkikutana njiani mmoja wenu lazima akumbuke ghafla kwamba ana shughuli porini. Si chuki hata kidogo, ni heshima, na huko uwandani heshima ya mkwe haifanyiwi mzaha. Padri aliwahi kumwambia Cuthbert kwamba desturi hiyo haimo katika Biblia. Cuthbert akajibu kwa upole kwamba hata mama mkwe wake hayumo, lakini Chilangala yupo.

Jina la mama huyo lilikuwa Dominika. Desturi ina ufunguo wake, bila shaka: mkwe akishatulia na watoto wakipatikana, mama mkwe huchagua siku, mkwe analeta nguo, mama anaipokea, wanatazamana, na tangu hapo wanazungumza kama watu. Dominika hakuwa amechagua siku. Mabel alikwisha kung'oka meno ya mbele na siku ilikuwa bado. Wengine walisema anaringa kwa sababu amepata mkwe wa Boma. Mimi nasema hakuwa na nafasi. Mwanamke wa uwanda ule maisha yake yote yalikuwa maji.

Mchanga wa kule hunywa mvua yote usibakize hata tone la kulamba. Ukitaka maji uteremke bondeni, na kwa watu wa Chilangala bonde lilimaanisha chemchemi ya Namkonda. Wanawake walitoka gizani wakarudi jua likiwa kichwani, mtungi juu, shingo imekaza, magoti yakilalamika kwa kila jiwe. Mwaka aliozaliwa Mabel, kiangazi kilikuwa kikali na Cecilia alishikwa na homa ya uzazi. Mganga wa zahanati akasema aogeshwe, anyweshwe, aogeshwe tena. Dominika akateremka Namkonda akapanda, akayamaliza maji yale kwa mwanawe, akachukua mtungi akateremka tena jua lile lile. Cecilia akapona. Cuthbert siku hiyo alisimama nyuma ya nyumba, akisikia maji yanavyomwagwa taratibu ndani, na hakuwa na ruhusa ya kusema hata ahsante. Shukrani ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akaishi nayo.

Basi ndipo ikaja kampuni.

Iliitwa Hallett na Wenzake, na hao wenzake walikuwa wengi: ilikuwa na ofisi London, ofisi Bombay, na ghala Beira. Wakati ule korosho za kusini zilikwenda ng'ambo na maganda yake, zikabanguliwe huko na mikono ya wengine. Bwana Hallett alitaka kuzibangulia hapa hapa, akajenge kiwanda Chilangala. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema vijana, wakaanza kuhesabiana kazi ambazo hazijapatikana. Watu wazima walikuna vichwa. Walikuwa wameona ule mradi mkubwa wa karanga wa Nachingwea: mitambo ilikuja kwa kishindo, ikang'oa miti, kisha wenyewe wakaondoka, na chuma kikabaki kinaota kutu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mazungumzo yalifanyika Boma, nyumba ile ya kuta nene waliyoiacha Wajerumani. Upande mmoja alikaa Bwana Hallett na wakili wake. Upande wa pili Bwana Shauri na ofisa aliyetumwa kutoka Mtwara. Cuthbert aliwekwa pembeni ili amfasirie Liwali aliyewasimamia wenyeji. Walibishana kama watu wanaouziana ng'ombe wa mtu wa tatu. Kampuni ilitaka kiwanja cha miaka tisini na tisa, ilitaka isamehewe kodi miaka ya mwanzo, na ilitaka chemchemi ya Namkonda yote iwe ndani ya ua wake, kwa kuwa kiwanda bila maji ni banda tu. Serikali ilitaka kodi ianze mapema na wenyeji waandikwe kazi. Wakavutana, wakanywa chai, wakavutana tena. Siku moja, biskuti zikiwa mezani, Cuthbert akasikia kamba inalegea. Kampuni ilikubali kulipa kodi mapema kidogo, mradi ipewe maji bila masharti. Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Lakini maji yake yeye yaliletwa na tarishi, nayo yalikuwa yamechemshwa.

Cuthbert alimfasiria Liwali neno kwa neno, na Liwali akachukua biskuti. Yeye naye alikuwa mtu wa Boma.

Jioni ile Cecilia alirudi kutoka Namkonda akaitua ndoo, akajishika kiuno, akamwuliza mumewe habari za kazi. Mkalimani wa Boma alikuwa ameapa kutunza siri za barazani. Akasema, "Njema." Alijichukia kwa neno hilo moja kuliko alivyowahi kujichukia kwa lolote, akala ugali wake, na hakumtazama mkewe usoni mpaka wakalala.

Siku ya mwisho waliitwa wazee wa Chilangala waje kuridhia. Lilikuwa jambo la kutimiza taratibu tu. Wino ulikwisha kuletwa. Aliyetangulia kusema alikuwa Mzee Bonifasi, mjomba mkubwa wa ukoo, mtu asiyeharakishwa na yeyote. Akasalimu, akakohoa, akasema kwa Chimakonde, na Cuthbert akafasiri:

"Mkiniuliza ardhi, nitajibu. Ardhi ya ukoo iko mikononi mwangu kwa niaba ya dada zangu. Lakini maji hayako mikononi mwangu. Namkonda ina mwenyewe. Yeye ndiye anayeifungua kila mwaka mvua zikikatika, anatoa matope, anafagia, na kabla hajateka yeye hakuna anayeteka. Mimi kule nakwenda kuoga tu. Kwa hiyo mwenyewe nimekuja naye. Dada, ingia."

Neno "ingia" Cuthbert hakulifasiri. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake.

Mlango ulikuwa mmoja, naye yumo ndani yake. Mbele ya Serikali ya Malkia na kampuni yenye ofisi London, Cuthbert aliziweka karatasi mezani, akageuza uso ukutani, akapanda kwenye dirisha na kutoka. Tai ilikuwa ya mwisho kuonekana.

Wazee hawakushtuka. Walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee Bonifasi hata alinong'ona kwamba kijana yule amelelewa. Lakini Bwana Hallett alikuwa amefanya mapatano katika nchi nyingi na alijua, au alidhani anajua, mtu akiondoka mezani maana yake nini. Akamwinamia Bwana Shauri. "Kama Serikali ina sharti jipya," alisema, "iseme waziwazi. Hakuna haja ya kumtoa karani dirishani." Bwana Shauri, ambaye alikuwa amekaa Newala miaka mingi na hakuelewa chochote, alivaa uso wa mtu anayeelewa kila kitu. Ndivyo kampuni ilivyoanza kuogopa, na ndivyo Serikali ilivyoacha iogope.

Akaitwa tarishi, Isaka, afasiri kwa Kiswahili, na Bwana Shauri mwenyewe ayatie katika Kiingereza. Dominika akasimama katikati ya chumba, kanga yake nzuri mabegani, akasema. Alisema kwa kirefu. Alisema habari za mteremko na miiba, za mimba zilizotoka njiani, za mama yake mzazi aliyeanguka na mtungi na hakuinuka tena. Akasema anachokubali na asichokubali. Isaka alikuwa na mshahara mmoja na watoto wengi, na alimtazama Bwana Shauri alivyokunja uso.

"Anasema maji yapo," akasema Isaka.

"Mama huyu hana pingamizi," akasema Bwana Shauri kwa Kiingereza.

Chini ya dirisha, Cuthbert alikuwa amechuchumaa mgongo ukutani, na aliyasikia yote kwa lugha zote tatu. Alisikia maneno ya mwanamke yule yakimwagwa mchangani. Akirudi ndani, amemvunjia heshima mama wa mke wake mbele za watu, na aibu hiyo kule haifutiki. Asiporudi, Namkonda inazungushiwa ua, na Cecilia na Mabel na wanawake wote wa Chilangala watateka wapi? Akainuka nusu, akachuchumaa tena. Akauma tai yake. Msomi wa lugha tano, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno la kumsaidia.

Ndani, Dominika hakujua Kiingereza, lakini alijua vipimo.

"Nimeleta mtungi mzima," alimwambia Mzee Bonifasi. "Mbona kimefika kikombe? Yule mwenye maneno yuko wapi?"

"Amekupa heshima, dada yangu."

"Heshima yake naijua. Ni mkwe mwema, sijawahi kumkuta njiani. Lakini leo heshima hii itatuua kwa kiu."

Akaivua kanga ya mabegani. Wazee wakaelewa kabla hajasema, na mmoja akatoa sauti kama aliyechomwa. Nguo ya kufungua macho hutoka kwa mkwe kwenda kwa mama mkwe. Haijawahi kwenda upande mwingine. Mama anayetoa yeye ni mama aliyejishusha, aliyeomba kutazamwa na mume wa binti yake. Ataimbwa kwenye pombe.

"Mpelekee," alimwambia kaka yake. "Wa kucheka wacheke."

Mzee Bonifasi akaipitisha kanga dirishani. Ikabaki inaning'inia pale kitambo. Halafu mkono ukaichukua.

Cuthbert akarudi kwa mlango, vumbi magotini, kanga ya mama mkwe mabegani juu ya koti. Akamwendea, akainua macho. Kwa miaka yote ile alikuwa akimjua kwa miguu tu, nyayo zilizopasuka na kikuku mguuni. Sasa aliuona uso, na ulikuwa uso wa Cecilia, Cecilia wa miaka ijayo, aliyechoka. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Mabel. Simama useme. Nitarudia."

Akarudia tangu mwanzo, na Cuthbert akafasiri kwa desturi ya wakalimani, kwamba wewe ndiye unayesema. Bwana Hallett akamsikia mwanamume mwenye masharubu na tai, aliyevaa kanga, akisema kwa Kiingereza safi cha misheni: "Mimi ni mwanamke. Nimeteremka mlima huu tangu nikiwa mtoto mgongoni, kisha na watoto wangu mgongoni." Pembe za mdomo wa Bwana Hallett zilichezacheza. Wakili alitazama chini. "Mama yangu alifia njiani na mtungi. Tulimzika, na jioni tukaenda kuteka, kwa sababu wafiwa nao wanakunywa." Mdomo ukatulia. Cuthbert akaendelea, na mlango ule uliotembea na neno "njema" kinywani siku zote zile sasa ulikuwa wazi mpaka bawaba.

"Sikatai kiwanda," alisema Dominika kwa kinywa cha mkwe wake. "Nakataa kununuliwa mezani nikiwa sipo. Mkiyapandisha maji kwa mashine, yafike kwanza kwa wanawake, nje ya ua, bila malipo. Baada yetu kiwanda kinywe. Na siku mtakayoondoka kama walivyoondoka wale wa karanga, mashine na mabomba yabaki."

Ofisa wa Mtwara aliandika haraka. Bwana Hallett akawaka: bomba la nje, sawa, lakini kuacha mashine? Kampuni gani duniani huacha mali yake? Na yeye atapata nini? Alipofasiriwa, Dominika hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa sokoni, naye aliona kwamba sasa ndiyo mazungumzo yameanza. Akasema njia ya mabomba itapita kwenye mihogo yake na ya wenzake, nao hawatadai fidia ya mche. Na wanawake wataendelea kuifagia Namkonda kila mwaka, maana mashine haijui kufagia. Wakavutana. Bwana Shauri, aliyekwisha kuona kwamba kampuni inaamini haya yote yalipangwa na yeye, akapata ujasiri ambao hakuwa nao asubuhi, akausimamia upande wa mama kwa nguvu. Mwishowe Bwana Hallett alikubali mashine ibaki, mradi kodi icheleweshwe mwaka mmoja. Serikali ikatoa mwaka wake.

Hakuna mapatano ya bure. Chemchemi ilizungushiwa ua, na wanawake wakapoteza mahali pao: pale walipooga, walipoimba, walipowasengenya waume zao bila woga. Wako waliomlaumu Dominika kwa hilo mpaka mwisho. Kwenye pombe aliimbwa kweli, wimbo wa mama aliyemvisha mkwe, na ulikuwa na mwitikio mzuri sana, kwa bahati mbaya. Dominika aliposikia alisahihisha ubeti mmoja, akasema kanga ilikuwa ya mistari, si ya maua. Isaka hakulaumiwa na mtu. Na Bwana Shauri alimwita Cuthbert ofisini, akamtazama sana, akasema tu kwamba Boma hili lina mlango.

Mabomba yalipanda uwandani kabla ya mvua. Siku ya kufungua, Dominika ndiye aliyeteka kwanza. Alikinga kiganja, akanywa, wanawake wote wakimtazama. "Hayana mlima ndani," akasema, na vigelegele vikapasuka.

Jioni hiyo alimwita Cuthbert kula. Ugali ulikuwa umesongwa kwa maji ya bomba, na mkeka ulikuwa mmoja. Alimmiminia maji ya kunawa, mengi, yakamwagikia chini bila mtu kujali. Cuthbert hakuugusa ugali.

"Mama," akaanza. "Ule mwaka aliozaliwa Mabel. Ulipoteremka mara ya pili." Hapo lugha zote zikamkimbia. Akabaki anatazama mikono yake iliyolowa.

Dominika alimega tonge, akalifinyanga polepole.

"Baba Mabel," alisema, "zile kuni zinazokutwa nyuma ya jiko langu kila Jumamosi, zimepasuliwa vizuri, zimefungwa kwa kamba, ulidhani nadhani zinaota zenyewe? Tangu mwaka ule hazijakosa hata Jumamosi moja. Nilikuwa nakusikia, mwanangu. Kila Jumamosi nilikuwa nakusikia."

Cuthbert akalia pale pale mkekani, mbele ya mama mkwe wake, bila kujificha. Cecilia alikuwa anaingia na mboga. Akawaona, akaitua mlangoni, akarudi nje.